Mzee Ijumaa na Mwenzi wa Kutembea

Mume wangu ameshona nguo maisha yake yote, na hakuna mteja aliyewahi kutajiwa siku nyingine isipokuwa Ijumaa. Ukija Jumatatu, njoo Ijumaa. Ukija Ijumaa yenyewe, basi ni Ijumaa ijayo. Watu wakamwita Mzee Ijumaa, naye akaitika bila haya, utadhani kapewa cheo. Macho yalipofifia hata uzi ukawa haupiti kwenye tundu la sindano, alimwachia binti yetu cherehani, akaja kukaa nyumbani na mimi.

Sikujua nimeolewa na mtu mwenye maneno kiasi kile. Alikaa sebuleni akiyakosoa mapazia. Alisema pindo la shuka limekwenda upogo. Alinifuata mpaka jikoni kuniambia gauni langu limekaa vibaya kiunoni, nikamjibu kwamba kiuno ndicho kilichokaa vibaya, gauni halina kosa. Basi daktari wa zahanati alipomwambia kwamba presha imepanda, magoti yamekakamaa kwa kukaa, na dawa yake ni kutembea nje kila asubuhi, nusura nimkumbatie yule daktari.

Nyuma ya mtaa wetu kuna uwanja wa michezo, na njia ya changarawe inauzunguka. Asubuhi wastaafu hujaa pale. Wengine hutembea, wengine hunyoosha viungo wakiegemea ukuta, na wale wanaojiona bado wamo hurushiana mpira na kugombania pointi kama watoto wa chekechea. Mimi nilikuwa mwenyeji wa siku nyingi. Nikamwambia mume wangu twende, akasema viatu vinambana. Nikamnunulia raba. Akasema jua ni kali. Nikampa kofia. Mwisho nilimkalia kooni mpaka akatoa ukweli: nusu ya watu wa pale walimpa vitambaa vyao, na hajui hata viliishia wapi.

Kulikuwa na mmoja ambaye hakumtaja, lakini mimi nilimjua. Ni fundi mwashi tunayemwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta ulionyooka, kwa sababu ukuta wake haupindi, wala yeye mwenyewe akishasema hapindiki. Yeye na mume wangu walikua pamoja, na nyumba tunayolala aliijenga yeye. Alipokuwa anamwoza binti yake wa mwisho, alileta kitambaa cha suti cha rangi ya majivu. Alichoambiwa mnakijua. Siku ya harusi ikafika suti haipo, na Timazi akamsindikiza mwanawe kwa koti la kuazima lililoishia karibu na viwiko. Mume wangu hakwenda. Aliamka anaumwa tumbo, nami nikabaki kumuuguza.

Tangu hapo hawakusemezana tena. Na Timazi ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akimchekesha mume wangu mpaka ashike ukuta asianguke. Zamani kelele za cherehani zilikuwa zinauficha upweke wake. Sasa cherehani haipo, na nilikuwa namwona ananyauka hivi hivi, huku anayasema mapazia yangu. Nikala kiapo kwamba wale wawili watazungumza, hata kama itabidi niwafunge kamba moja.

Siku ya kwanza uwanjani, rafiki yangu, mkunga mstaafu, alimuuliza kwa utani blauzi yake imefikia wapi. Kushona alikuwa ameshaacha, lakini mdomo wa mume wangu haukuwa na habari.

"Pitia Ijumaa," akasema.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Timazi peke yake hakucheka. Aliinama akajitia anafunga kamba za viatu, na zilikuwa zimeshafungwa.

Kesho yake mume wangu akaja na ujanja. Watu wote pale huzunguka upande mmoja. Yeye akaamua kuzunguka upande wa pili, ili mtu asimfuate nyuma kumdai nguo. Mtu aliyepima viuno vya mtaa mzima hakufikiri kwamba ukizunguka kinyume na wenzako, utakutana uso kwa uso na kila mmoja wao, tena na tena. "Blauzi," mkunga anamwambia akipita. "Suruali," anasema dereva wa lori mstaafu. Na kila Timazi alipojitokeza mbele, mume wangu alikaza mwendo kama aliyebanwa na haja. Timazi naye alikaza, ili wapishane upesi. Kwa mtindo huo wakawa wazee wenye kasi kuliko wote, na mwalimu wa mazoezi, binti mmoja mwenye filimbi shingoni, akawasifu mbele ya watu.

Halafu karani mmoja mstaafu akaanguka kwa kizunguzungu nyuma ya goli, na ikachukua muda kabla mtu hajamwona. Alipona, lakini mwalimu akatoa amri. Hakuna tena kutembea peke yako. Kila mtu atapewa mwenzi wa kasi yake, na watatembea wakiongea, kwa sababu anayeshindwa kuongea anauchosha moyo. Watakaonyamaza watapelekwa benchi. Akawapanga watu wawili wawili, na wenye kasi akawaweka pamoja: Mzee Ijumaa na Timazi. Naapa sikumnong'oneza chochote, ila ningeulizwa ningempangia hivyo hivyo.

Mimi na mkunga tulijipachika nyuma yao. Magoti yetu yalilalamika, lakini jambo kama lile huliachi kwa ajili ya magoti.

Walianza kimya kimya. Filimbi ikalia, mwalimu akasema hawasikiki. Ndipo Timazi akaanza kuutangazia uwanja namna ya kuchanganya zege: mchanga, kokoto, saruji, na maji yasizidi. Mume wangu naye, macho mbele, akaanza kueleza jinsi ya kutia kola. Wakaenda hivyo, huyu anamwaga zege, huyu anatoboa matundu ya vifungo, hakuna anayemsikiliza mwenzake, na mwalimu karidhika kabisa. Siku zikapita. Timazi alimaliza msingi akaanza kupandisha kuta. Mkunga aliniambia jamaa akifika kwenye paa, yeye anahama mtaa.

Asubuhi moja mume wangu aliishiwa. Kola, mifuko, zipu, bitana, vyote alikuwa ameshavimaliza. Filimbi ikalia upande wao. Kwa kuogopa benchi akaanza kutaja vipimo, vile vya kwanza vilivyomjia kichwani: kifua, urefu wa mkono, mgongo, na bega la kulia lishushwe kidogo kuliko la kushoto. Timazi alikuwa amefika kwenye linta, ile zege ya juu ya milango. Akasimama.

"Hivyo ni vipimo vyangu," akasema.

Mume wangu alisogea hatua kadhaa peke yake, kisha akasimama. Mimi na mkunga nusura tuwagonge.

"Niliikata vibaya," mume wangu akasema, bado amempa mgongo. "Ile mikono ya koti. Sikukigeuza kitambaa, ikatoka yote miwili ya kushoto. Nilikitafuta kitambaa kile maduka yote, kimekwisha. Nikashindwa kukuambia, ndiyo nikawa nasema Ijumaa."

"Na siku yenyewe?"

"Sikuwa naumwa. Nilijifunika shuka tu."

Siku ile mimi nilimpikia uji. Nilimkanda tumbo kwa maji ya moto mpaka vidole vikaniuma. Nilifungua mdomo nimpe lake, mkunga akanifinya.

Timazi alisema koti lilikuwa la shemeji yake, alilirudisha jioni ile ile, na hakulifikiria tena.

"Wewe nilikuwekea kiti," akasema. "Pembeni yangu, upande wa kulia. Kila aliyetaka kukikalia nilimwinua, nikimwambia mwenyewe yuko njiani. Kikakaa hivyo mpaka watu wakatawanyika."

Mume wangu alisimama pale na kofia yake, machozi yanamtoka, na hasira zangu zote zikaniisha. Nilimwonea huruma mume wangu, nikamwonea huruma na Timazi. Filimbi ikalia. Mwalimu akapaza sauti kwamba wale wazee wawili hawasikiki, na kama wamechoka waende benchi.

Timazi akamshika mume wangu kiwiko, akamvuta waendelee kutembea.

"Tunaongea, mwalimu," akajibu. Kisha akamgeukia mwenzake. "Basi asubuhi ile ilianza kwa mvua. Turubai likavuja, tena pale pale walipokaa wakwe."

Akamsimulia harusi nzima tangu mwanzo: nani alikuja, nani alinuna, binti alivyolia, na alivyosahau kulia alipoona keki imeegemea upande. Mume wangu akawa anauliza, na jinsi alivyouliza ndivyo walivyozidi kwenda polepole, hata watu wote wakawapita, mpaka bibi mmoja mwenye mkongojo. Mkunga naye akanivuta tuwapite. Nikamwambia atangulie. Harusi ile hata mimi sikuiona.