Majike wa Kizimba cha Kumi na Tisa

Lorna Pelkey ametunza panya wa maabara yetu hapa Maine, Marekani, kwa miaka ishirini na sita, na sijawahi kumsikia akijisifu. Mimi ndiye muosha vizimba, kwa hiyo najua nani anaijua kazi na nani anajua kuongea tu. Wasomi hupita na makaratasi yao. Lorna huwashika panya mmoja mmoja kila asubuhi, akiwapapasa kwa kidole kutafuta uvimbe.

Mwaka juzi alikuwepo Dokta Colette Arsenault, binti mpole, mkataba wake unaisha Juni. Aliwachoma panya chembe za saratani, kisha nusu yao akawapa dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Waliopewa wakapona. Wasiopewa, uvimbe ukafika ukubwa wa njegere na kuzidi. Mkubwa wake akafurahi, akaagiza keki, akasema mkataba sasa utaongezwa.

Lorna hakula keki. Nikamtania, "Vipi bibie, sukari imepanda?"

"Acha utani, Roland. Hebu njoo uwaone hawa."

Kizimba cha kumi na tisa kilikuwa na majike watano wa akiba. Colette aliwachoma chembe zilizobaki, akawasahau. Dawa hawakuionja kabisa. Lorna akanipa mmoja nimpapase. Hakuwa na kitu.

"Wamepona wenyewe," akasema. "Na wote waliopewa dawa ni majike. Wasiopewa ni madume, maana siku ile majike waliobaki ni hawa watano tu, hawakutosha kundi la pili. Saratani yenyewe ilitoka kwa panya dume. Mwili wa jike unaiona ngeni, unaifukuza. Dawa inasifiwa bure."

Nikamwambia anyamaze. Naona aibu, lakini ndivyo nilivyomwambia. Binti wa watu atakosa kazi, na nani atamsikiliza mlisha panya?

"Dawa hii wataipeleka kwa wagonjwa, Roland." Akavua glavu, akapanda ghorofani.

Baadaye Colette akashuka naye, macho mekundu. Akawapapasa wale watano mwenyewe, akarudia tena.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu. Nikawaangalia wiki nzima, nisije nikakuharibia kwa kukosea."

"Ungenyamaza tu, mama."

"Ningeweza. Hata wewe sasa hivi unaweza."

Colette akamrudisha jike kizimbani, akafunga kifuniko, akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wake. Jaribio likarudiwa, safari hii majike watupu pande zote mbili. Wote wakapona, wenye dawa na wasio nayo. Wakajaribu madume watupu, wote wakaugua. Dawa haikuwa dawa. Juni ikafika, mkataba haukuongezwa, na mimi nikamkasirikia Lorna kwa muda mrefu kuliko Colette mwenyewe alivyomkasirikia.

Mwezi uliopita simu ililia chumba cha panya. Ni Colette, kapata maabara nyingine, mbali. Hakuuliza habari za madaktari. Alimtaka Lorna.

"Mama, nina panya mia mbili hapa na bado sijamchoma hata mmoja. Nimekusubiri wewe. Nianzie wapi?"

Lorna akavuta kiti, akaketi.

"Madume wangapi?" akamuuliza.