Benki Ililipwa, Jirani Yetu Akabaki na Jina la Mwizi

Admin, nifichie jina, maana wajukuu zangu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni bibi wa miaka sitini na tisa, wa huku Endabash, Karatu.

Miaka ya themanini mwanzoni mume wangu alikopa benki ili alime ngano. Walitaka mdhamini, naye akaghushi sahihi ya jirani yetu, nimwite Bura, aliyekuwa mhazini wa duka la ushirika. Mvua zikakatika, ngano ikakauka. Benki ilipomfuata Bura ndipo yote yakajulikana, na mume wangu akashtakiwa kwa kughushi na udanganyifu.

Ukoo ukauza ng'ombe, deni likalipwa lote. Tukadhani yameisha. Hakimu akasema deni lilikuwa la benki, lakini kughushi ni kosa dhidi ya Jamhuri, kesi inaendelea. Na shahidi mkuu alikuwa Bura.

Nilikwenda kwake na mtoto mgongoni, nikapiga magoti. "Baba Marselina, huyu akifungwa watoto nitawalisha nini?"

Alimtazama mtoto mgongoni kwangu. Kisha akasema, "Inuka, mama. Benki imeshalipwa. Nitaona la kusema."

Mahakamani akasema hakumbuki vizuri, huenda sahihi ni yake. Kesi ikafutwa. Lakini watu wakasema, kumbe walikula pamoja! Akaondolewa uhazini. Watoto wake wakaitwa watoto wa mwizi mpaka kisimani, nami nilikuwepo na ndoo yangu, nikainamisha kichwa. Mume wangu hakwenda hata kumwambia asante.

Mwezi uliopita kigango chetu cha kanisa kilikuwa kinachagua mhazini. Akapendekezwa kijana wa Bura. Mume wangu akasimama mbele ya watu wote: "Tuwe waangalifu. Familia ile na mambo ya benki tunaijua."

Mzee Bura alikuwa benchi la mbele. Hakumtazama mume wangu. Aligeuka akanitazama mimi. Jina la kijana wake likaondolewa.

Nyumbani nikamuuliza mume wangu, "Baba Paulo, umewezaje?"

"Deni lililipwa, kesi ikafutwa. Unafukua nini?"

Ndugu zangu, nikisema ukweli kanisani namvua nguo mume wangu uzeeni, mbele ya watoto wetu. Nikinyamaza, Bura atazikwa na jina ambalo si lake. Kama ningekuwa mama yenu, mngeniambia nisimame, au niendelee kukaa?