Uvimbe wa Chungu

Mwaka uliofuata Uhuru, Nabwire ndiye aliyekuwa akimbebea jirani yake mfinyanzi vyungu hadi sokoni Funyula, na ndiye wa kwanza kuona kwamba kila chungu kilikuwa na uvimbe ubavuni. Mama yule aliukanda udongo polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Kabla ya kukiachilia chungu, alikigonga kwa kidole alichokikunja na kutega sikio, maana chungu chenye ufa hakilii vizuri. Kisha aligonga chini ya titi lake la kushoto, penye uvimbe kama ule, akatega sikio hapo pia. Sokoni, wanunuzi waliugusa ule uvimbe, wakakirudisha chungu chini na kujipangusa mikono. Majirani waliokuja kumjulia hali mfinyanzi walisema pole wakiwa mlangoni.

Siku moja mfinyanzi akamwonyesha Nabwire chungu ambacho hakijachomwa bado, laini pande zote, bila uvimbe.

"Afadhali, mama," Nabwire alisema. "Umepata nafuu?"

"Tia mkono ndani."

Nabwire akatia. Uvimbe ulikuwa huko, mkubwa kuliko ngumi, tena wa moto, ingawa chungu kilikuwa kimelala kivulini tangu jana. Alitaka kuutoa mkono, lakini mfinyanzi alikuwa amemshika kifundo cha mkono.

"Usiniambie pole. Shika tu."

Akashika, mpaka akausikia uvimbe ukipiga taratibu chini ya vidole vyake. Ndipo mfinyanzi akamwachilia, akashusha pumzi ndefu.

"Haya," alisema. "Sasa tunaujua watu wawili."