Mshale Mzito na Moshi wa Udi

Ipo alasiri moja, mwanangu Azzan, ambayo hunirudia kila udi unapofukizwa nyumbani. Siikumbuki kama tukio lenye mwanzo na mwisho. Naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto aliyoamka katikati yake: mwanga wa manjano kwenye mapazia, kiyoyozi kinanguruma polepole, na mishale yangu imelala safu mbili juu ya zulia la sebuleni, kama watoto waliolazwa usingizi wa mchana.

Imenirudia tena jana, uliponitumia zile picha kwenye simu na kuniuliza, "Mama mdogo, ninunue chembe zipi za mishale? Na mshale uwe mzito kiasi gani?" Najua unangoja jibu la mstari mmoja. Mimi sijawahi kuwa na jibu la mstari mmoja, hata nikiulizwa kama nataka chai. Tena mimi si mzee. Mama yako ndiye dada mkubwa, na mimi chuo kikuu nimemaliza juzi juzi tu. Lakini kwako mimi ni mama, na mwezi ujao unakwenda Nyuzilandi kwa mjomba wangu Suud, kuwinda kulungu kwa upinde, kama nilivyokwenda mimi. Basi kaa unisikilize.

Mwaka ule sikuwa na kazi. Nyumba yetu ya Mabela, hapa Maskati, ilikuwa mpya, kuta bado zinanuka rangi, na nyuma yake kulikuwa na kiwanja kitupu ambacho sasa kimejaa majumba. Nilipanga kule marobota ya majani makavu, yale wanayonunua wenye mbuzi, nikawa napiga mishale kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Upinde nilikuwa nao tangu klabu ya chuo kikuu. Mama akipita na kapu la nguo hunitazama na kusema, "Wenzio wanapeleka maombi ya kazi, wewe unatoboa majani."

Kilichoninyima raha hakikuwa kupiga. Kilikuwa kuchagua.

Safu ya kulia ilikuwa ya mishale myepesi, gramu ishirini na tano hivi kila mmoja, yenye chembe za kufunguka. Chembe, unajua, ni kile kichwa chenye makali mbele ya mshale. Hizi za kufunguka nyembe zake zimekunjwa wakati mshale unaruka, kisha huchanuka unapomgusa mnyama. Mshale kama huo huenda kwa kasi, karibu umenyooka, na hata ukikosea kidogo kukisia umbali, bado hufika unapotaka. Safu ya kushoto ilikuwa ya mishale mizito, zaidi ya gramu thelathini na tano, na chembe zake ni kipande kimoja cha chuma chenye makali mawili, hakikunjwi wala hakifunguki. Mshale huo huenda taratibu, na ukipiga kutoka mbali huporomoka njiani. Lakini ukifika, huingia.

Upinde wangu ulikuwa wa nguvu ya kuvuta ratili arubaini na tano tu. Nilijua kwamba upinde usio na nguvu nyingi huhitaji mshale mzito, na kwamba chembe ya kufunguka hula sehemu ya nguvu hiyo kwa kule kufunguka kwenyewe. Nilijua. Nilikuwa nimesoma wanaosema hivyo, kisha nikasoma wanaowapinga, kisha nikasoma wanaowapinga wale wanaopinga. Usiku nikilala naiona mishale ikipita darini bila kutua popote. Safari ilikuwa imekaribia na kila siku niliipima mishale upya, nikitumaini labda uzito umebadilika.

Mizani niliazima kwa Bibi yetu, Bi Zuwena, ile ndogo anayopimia udi na zafarani. Alasiri ile akaingia sebuleni kuifuata, chetezo mkononi, moshi umemtangulia.

"Mizani yangu i wapi?"

"Ndo hii, Bibi. Nnamaliza."

"Umesema hivyo tangu juzi. Udi wangu wanuka chuma sasa."

"Na mishale yangu inanuka udi."

"Basi itaposwa kabla yako," akasema, akaketi kwenye mto wa pembeni na kuweka chetezo chini. Akaokota mshale mmoja wa kulia, akauangalia kichwa kama anavyoangalia samaki sokoni. "Hichi chakata au chapiga?"

Nilimwelewa. Sote tulifundishwa chuo cha Kurani, tulipokuwa wadogo, kwamba windo lililouawa na makali ya mshale huliwa, na lililokufa kwa kishindo tu haliliwi.

"Vyote vinakata, Bibi. Hivi na hivi."

"Sasa kinachokukondesha nini?"

Kosa lake lilikuwa kuuliza. Nilimweleza kasi, nikamweleza uzito, nikamweleza upepo, nikarudi tena kwenye kasi. Nilieleza mpaka udi ukaisha kwenye makaa. Bibi alikuwa amefumba macho, nikadhani amesinzia.

"Huu mwepesi," akasema bila kuyafumbua, "wautakia nini hasa?"

"Ili niweze kupiga kutoka mbali."

"Mbali ya nini?"

"Mbali naye. Asinione."

Hapo akafumbua macho. "Asikuone yeye, au weye usimwone?"

Mwanangu, swali lilinipata penyewe. Kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimwona kulungu wangu katika mawazo: kitu kidogo mbali sana, kama picha kwenye simu, kinaanguka bila sauti, bila pumzi, bila jicho. Kulungu mwenye jicho sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Mawazo yote yale, na hilo sikuwa nimelifikiria.

Bibi hakunisubiri nijibu. "Baba yangu alikuwa akiwachinjia watu, harusi na sikukuu. Akimshika mnyama kichwa kwa mkono wake. Joto lake analisikia, macho yake anayaona. Ndo maana kisu chake hakijapata kuwa butu. Weye wataka kutoa roho, na hutaki kuwapo."

Hakusema kwa ukali. Aliinuka, akachukua mizani yake, akaipangusa kwa ncha ya kanga. Mlangoni akageuka. "Kama huwezi kumkaribia, kaa nyumbani. Kuku wapo dukani."

Niliirudisha mishale myepesi kwenye boksi jioni ile ile. Mizito nikaanza kuinoa. Kuna njia nyingi za kujua kama chembe ina makali, lakini mimi nilitumia ya Bibi: alitoa uzi wa kushonea kofia, akaushika huku na huku, ukalegea katikati. "Pitisha," akasema. Chembe ya kwanza ikauvuta uzi. "Bado." Nikanoa tena. Siku nyingine, "Bado." Mpaka siku moja uzi ukaachana wenyewe, kimya, kana kwamba haukuwahi kuwa mmoja. Bibi akatazama ncha mbili mkononi mwake, akasema, "Haya. Huyu hatajua kilichompata."

Na majani nikayasogeza. Zamani nilikuwa napiga kutoka mwisho wa kiwanja. Sasa nikasimama karibu, kama kutoka mlango wa jikoni hadi getini kwetu, nikapiga hapo kila siku kwa chembe zile zile nitakazowindia, maana mshale wenye chembe pana hauruki sawa na ule wa mazoezi. Nikaapa sitapiga nje ya umbali huo.

Siku ya safari Bibi alinifukiza. Alifukiza nguo zote kwenye begi, pamoja na jaketi la kuwindia, na mimi nikaona ni baraka, nikalifunga begi.

Mjomba Suud anafundisha shule kule, na rafiki yake mwenye shamba humruhusu kuwinda kulungu wale wadogo wenye madoa. Asubuhi ya kwanza tuliingia porini na ukungu. Alikuwa amesimama nyuma yangu, akavuta pumzi, akanong'ona, "Nani kakufukiza wewe? Tunakwenda kuwinda au tunapeleka mahari?"

"Bibi."

"Huyu mama yangu huyu!" Akajizuia kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Kulungu wote wa bonde hili watajua kuna harusi."

Na kweli walijua. Walisimama ng'ambo ya bonde, pua juu, wakitutazama kwa heshima ya mbali. Alikuwepo dume mmoja ametulia ubavu wazi, na ningekuwa na mishale ile myepesi, hakika ningejaribu. Mjomba akaupima mshale wangu kwenye kiganja. "Na huu mchi wa kinu hautafika," akasema. "Haya, twende tukanywe chai."

Sikujua kama nisikitike au nishukuru. Nadhani nilishukuru.

Jaketi lililala kwenye uzio, likanyeshewa mvua siku mbili. Nikavaa la mjomba, refu mpaka magotini, tukakaa upepo ukitujia usoni. Ukungu ulikuwa mwingi hata miti ilikuwa kama imechorwa na kufutwa. Sijui tulikaa muda gani. Ghafla mojawapo ya miti ile ikapiga hatua, na alikuwa yeye. Akaja akila, akaja, akaja, mpaka nikaona maji yakidondoka kwenye mdomo wake, na jicho, jeusi, limetulia, lina mimi ndani yake labda. Kutoka mlango wa jikoni hadi getini.

Nilingoja aupeleke mguu wa mbele mbele, ubavu ubaki wazi. Nikasema bismillahi, nikaisikia sauti yangu ikiisema. Upinde ulitoa sauti ndogo tu, maana mshale mzito huunyamazisha upinde. Mshale ulipita ubavu mmoja ukatokea wa pili na kujichoma kwenye udongo, na kulungu akaruka kidogo kama aliyeumwa na nzi. Akatazama nyuma. Akapiga hatua chache, akainamia majani tena, kisha miguu ikamwisha, akalala taratibu kama mtu anayetafuta ubavu mzuri wa kulalia.

Tulipomfikia, roho ilikuwa imeshatoka. Niliweka mkono shingoni mwake, na joto lilikuwepo. Nililia, mwanangu, sikuficha. Mjomba alisimama kando akachomoa mshale kwenye udongo, akaupangusa kwa majani.

Nilimpigia Bibi simu kutoka pale pale.

"Ulimwona?" akauliza.

"Nilimwona."

"Basi kuleni kwa heri."

Sasa jibu lako. Upinde wako una nguvu kuliko wangu, na wapo wawindaji wazuri wanaotumia chembe za kufunguka kwa upinde kama huo. Sitakuapia kwamba wamekosea. Mimi nakushauri mshale mzito, na chembe ya kipande kimoja, iliyonolewa kwa mkono wako mpaka ikate uzi uliolegea. Mishale yote iwe na uzito mmoja, maana mkono hujifunza kitu kimoja vizuri. Lakini kabla hujafungua pochi, jiulize unataka kupiga kutoka wapi, na kwa nini huko. Chagua umbali wako hapa Maskati, ukiwa umetulia, kwa sababu kule moyo utakuwa unakimbia, na moyo unaokimbia huona kila kitu ni karibu. Akisimama nje ya umbali huo, mwache, hata babu yako Suud akikucheka. Na ikitokea ukamjeruhi, usirudi kunywa chai. Mfuate mpaka umfikie, hata ikiwa siku nzima, umalize ulichoanza.

Tena si kwa kulungu tu. Mimi kila asubuhi nikiendesha gari kwenda kazini Rusayl nina jambo fulani kichwani ninalolipima na kulipima. Nikichoka najiuliza swali la Bibi: ninapima ili nichague vizuri, au ninapima ili nisikaribie? Mara nyingi ni hilo la pili. Wewe ni mtoto wa familia hii, nakuona ukinitumia picha kumi kwa siku, nachelea umenirithi mimi.

Bibi yuko hapa pembeni yangu ninapoandika. Kaniuliza namwandikia nani, nimemwambia. Kasema uje Ijumaa kabla ya safari, na udi ameshauweka. Mwanangu, usikatae. Akufukize, akusomee, uondoke unanukia mpaka kiwanja cha ndege. Jaketi la kuwindia tu liache kwangu, nitakuletea ndani ya mfuko uliofungwa, asione.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na jicho lisilokimbia. Akujaalie uwe karibu na kila utakachokitenda, na kila utakachokichukua akihalalishe kwako. Akupeleke salama, akurudishe salama, utukute sote tupo, na moshi bado uko kwenye chetezo.