Siku Niliyomwita Shangazi wa Mchumba Wangu Kupe

Jambo lenyewe ni la aibu, na ningekaa nalo kimya mpaka nizikwe kama si hawa wajukuu zangu, maana juzi wamejazana hapa barazani wanacheza ule mchezo wao wa kumtafuta mwovu aliyejificha katikati yao, wanafumba macho, wanafumbua, wanabishana, halafu wanapiga kura kumtoa mmoja, na ugomvi wote uko pale pale mwanzoni, kwamba siku ya kwanza, wakati hakuna anayejua chochote, kura unampa nani? Mmoja anasema mpe anayecheka sana, mwingine anasema mpe aliyenyamaza, mwingine anasema funga macho upige popote. Mimi nikacheka mpaka kanga ikanidondoka. Wakaniuliza, bibi unacheka nini, nikawaambia mchezo huo niliucheza kabla mama zenu hawajazaliwa, na nusura uninyime huyo babu yenu.

Siku hizo tulikuwa kijiji cha ujamaa, huko upande wa Usinge, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi, na kila kitu kinafanywa kwa pamoja, kulima pamoja, kupalilia pamoja, na jioni ngumbaru pamoja (mimi nilifika mpaka kuandika jina langu, Kalunde, nikaona inatosha). Msimu ukiisha sisi wanawake tulikuwa tunakaa kwenye kivuli cha ghala la kijiji tunabangua karanga za mbegu, gunia baada ya gunia, mpaka vidole gumba vinavimba, sasa unafikiri mtu atabangua karanga mchana kutwa kimya? Ndiyo tukawa na mchezo wetu. Tukauita kupe.

Na kupe siku zile halikuwa neno la kuchezea, wanangu. Kwenye mikutano ukisikia kupe ujue ni mnyonyaji, mtu anayekaa kivulini anakula jasho la wenzake, na mwenye kiduka akiitwa kupe hadharani alikuwa halali usingizi. Lakini sisi tulilichukua tukalifanya la kuchekea.

Ulikuwa hivi. Mwenye mchezo alikuwa Mama Milembe, jirani yetu, mtu mzima, yeye hachezi. Sisi tunafumba macho, yeye anazunguka nyuma yetu anamgusa mmoja kisogoni, huyo ndiye kupe, na hakuna mwingine anayejua. Tukifumbua tunaongea, tunachunguzana, halafu kila mtu anamtupia ganda la karanga miguuni yule anayemshuku. Mwenye maganda mengi anatolewa, anakimbizwa kuzunguka ghala, madebe yanapigwa, watu wanapiga kelele kupe katoka, kupe katoka. Ikiwa siye, tunafumba tena, kupe peke yake anafumbua anamwonyesha Mama Milembe mtu mmoja wa kumnyonya, huyo naye katoka, tunaendelea hivyo mpaka ashikwe au atumalize.

Sasa siku ya kwanza, yaani kura ya kwanza ya mchezo, kabla hajanyonywa mtu, huna dalili yoyote. Sisi tulikuwa na desturi yetu: siku ya kwanza ganda anatupiwa mtani. Na mtani wetu sisi Wanyamwezi pale alikuwa mmoja, Mama Zena, Mzaramo, mume wake alikuwa fundi wa kujenga mabani ya kukaushia tumbaku. Mtani hakasiriki, hana haki ya kukasirika, kwa hiyo maganda yote kwake, tunamkimbiza, tunacheka, halafu mchezo wenyewe ndiyo unaanza. Ilikuwa desturi nzuri sana (nimekuja kuuelewa uzuri wake nimeshaharibu).

Basi siku hiyo ninayoisema, kulikuwa na mgeni. Mama mmoja mweusi mwembamba, kajifunga kanga mbili safi, kaja kwa Mama Milembe, tukaambiwa ni ndugu yake, kaja kumsalimu. Tukamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akachukua karanga akaanza kubangua na sisi. Haongei. Anabangua polepole, anatazama.

Nisiwafiche, yule mama alikuwa shangazi yake Ramadhani. Na Ramadhani ndiye aliyekuwa moyoni mwangu mimi. Kijana wa Kaliua, baba yake ana kiduka pale karibu na stesheni, yeye anakuja kijijini kwetu na baiskeli kuleta chumvi na sabuni, anarudi na asali, na kila akija kwetu ile chumvi ilikuwa inachukua muda mrefu sana kupimwa. Alikuwa ameniambia kwao watatuma watu. Mimi mjinga nikawa nawasubiri wazee wa kiume waje na kofia zao, wakae ukumbini, nijue ndiyo hao. Kumbe wenzetu kwanza wanatuma shangazi, aje kama mgeni tu, amtazame binti anavyokaa, anavyojibu wakubwa, mkono wake kama una kazi. Mama yangu alijua. Mama Milembe alijua. Mimi peke yangu sikuambiwa, na ndivyo desturi inavyotaka, binti asijue, maana akijua atakaa vizuri.

Tukafumba macho, mgeni naye akafumba. Nikasikia kidole kisogoni. Mimi ndiye kupe. (Mama Milembe alikuja kujitetea baadaye kwamba alinigusa makusudi ili mgeni aone nina akili. Aliona.)

Tukafumbua, na kabla hatujasema kitu Mama Zena akaanza kukusanya kanga yake, anajiandaa kukimbizwa, analalamika, "Mimi kila mchezo nakufa wa kwanza. Huyo kupe mwenyewe sijawahi kumwona, nasimuliwa tu. Babu zenu walitembea mpaka kwetu pwani na meno ya tembo vichwani, wakarudi na shanga na maneno mengi, na maneno yenyewe ndiyo haya mnanitupia mimi."

Watu wakacheka, wameshashika maganda mkononi. Na hapo ndipo, jamani, nilipofanya kale kauamuzi kadogo. Nikawaza, mimi ndiye kupe, Mama Zena akitoka na akawa siye, watu wataanza kutafuta kweli, na macho yatakuja kwangu. Lakini nikiwaonyesha mtu mwingine, nikasema vizuri, wakaniamini, mchezo wote nitawaongoza mimi kama mbuzi. Nikajiona nimevumbua kitu. Nikasema ngojeni kidogo, leo tumwache mtani apumzike, kila siku tunamtupia bure, leo tutafute kwa akili.

Wakanyamaza. Mtu mdogo kama mimi kusema mbele ya wamama wakanyamaza, kichwa kikanivimba.

Nikawaambia tazameni, kupe ni mdudu gani? Kupe halii kama nyuki, haruki kama panzi. Kupe anakuja kimya, anakaa kimya, anatafuta penye ngozi laini. Sasa hapa tulipo, nani amekuja kimya? Nani tangu amekaa hajauliza hata jina la mtu, ila anatutazama mmoja mmoja kama anachagua mbuzi mnadani? Wenzangu wakaanza kuguna, wanaona lina maana. Mama yangu hakuwa anacheza, alikuwa pembeni anapepeta na ungo, akaanza kukohoa. Akakohoa tena. Mimi nikadhani ni vumbi la maganda, nikamwambia, mama, kanywe maji. Akanitupia jicho, nikadhani vumbi limemuingia na jichoni.

Nikaendelea, maana nilishanogewa na sauti yangu mwenyewe. Nikasema, huyu mama mgeni karanga anazobangua hazijai hata kiganja, lakini mambo anayookota kwa macho yamejaa debe, huyu kuna kitu kaja kukichukua hapa kwetu, mimi nawaambia, na asipotolewa sasa ataondoka nacho.

(Na angalieni maajabu, kila neno lilikuwa kweli. Alikuwa anachagua, na kuna kitu alikuja kukichukua. Sikujua tu kwamba kitu chenyewe ni mimi.)

Nikatupa ganda langu miguuni kwake. Maganda yakamfuata kama mvua ya mawe, mengine yakamkaa kwenye kanga. Ni Mama Zena peke yake hakutupa, alishika ganda lake akasema, "Mgeni? Siku ya kwanza? Nyinyi Wanyamwezi mna roho." Tukamjibu wewe nyamaza, leo umepona.

Yule mama akasimama, akakung'uta kanga. Kwa desturi ya mchezo tukamkimbiza, na alikubali kukimbia, masikini, anakimbia kwa adabu, ameshika kanga yake kifuani, na mimi nyuma yake na debe, napiga, kupe katoka, kupe katoka. Mama yangu aliweka ungo chini akajifunika uso.

Sasa tulipozunguka kona ya ghala tukakutana ana kwa ana na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kasubi, anakuja mbio na fimbo. Yule mzee mchezo wetu hakuwahi kuuona, na kwenye mkutano alikuwa ametoka kuambiwa mabalozi wawe macho na wageni wasiojulikana. Amesikia madebe, amesikia kupe, ameona mama asiyemjua anafukuzwa na maganda yamemjaa mwilini. Akajua leo kamshika mnyonyaji kwa mkono wake.

Akatusimamisha wote. Mama Milembe akataka kueleza, mzee akamnyooshea fimbo anyamaze, akamgeukia mgeni. "Mayu, mama yangu, umetoka wapi, na kijijini kwetu umefuata nini?"

Yule mama akavuta pumzi, maana alikuwa anahema, akasema, "Nimetoka Kaliua, baba. Kaka yangu ana mtoto wa kiume, anataka kuoa hapa. Nimetumwa nije nimtazame binti kwanza."

"Binti gani?"

Akanyoosha kidole taratibu, wala hakukunja uso. "Huyo mwenye debe."

Wanangu, lile debe nililiona zito kama jiwe la kusagia. Niliweza hata kuusikia upepo ukilipiga ndani. Nikawaza Ramadhani, nikawaza kiduka cha baba yake pale stesheni, na kwamba mtu wa kwao, wenye duka, nimemwita kupe mbele ya kijiji na balozi kasikia. Nilitamani ghala linidondokee.

Mzee Kasubi naye hakuridhika, alikuwa mtu wa kufika mwisho wa shauri. Akauliza, kwa hiyo wewe kupe ndiye au siye? Mama akamjibu, mimi siye baba, muulize mwenye mchezo. Mzee akamgeukia Mama Milembe, nani kupe? Na Mama Milembe, ambaye uongo mbele ya balozi asingeweza, akanitazama kwa huruma, akasema, "Ndiye huyo huyo mwenye debe."

Walicheka. Walikaa chini wakacheka, Mama Zena alijigaragaza kwenye maganda, anasema leo nimemwona, leo nimemwona kupe kwa macho yangu. Hata Mzee Kasubi aliondoka mabega yanamtikisika. Aliyekuwa hacheki ni mimi, na mama yangu, na yule shangazi, yeye alikuwa ananitazama tu, kama mwanzo.

Nyumbani mama hakunipiga, afadhali angenipiga. Alisema, umeshamaliza, basi mchukulie mgeni kikapu chake umsindikize stesheni, ukamuage vizuri, maana huyo hamtaonana tena. Nikabeba kikapu kichwani, nikatembea nyuma yake, njia nzima nalia bila sauti. Tukafika Usinge stesheni, gari moshi la kwenda Kaliua halijafika, tukakaa kwenye benchi. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Akanisikiliza, halafu badala ya kujibu akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Hebu nieleze. Siku ya kwanza hakuna anayejua kitu, hata wewe ulijua huna ushahidi. Kwa nini wote walikufuata?"

Alikuwa anauliza kweli, ametega sikio, kama mtu anayeuliza dawa ya mbu. Na mimi nilishaharibu kila kitu, nikaona sina cha kuficha. Nikamwambia, "Shangazi, siku ya kwanza watu hawatafuti kupe. Wanatafuta mtu ambaye akitoka, hakuna atakayemlilia."

Gari moshi likasikika mbali. Akasimama, akachukua kikapu chake, akatengeneza kanga yangu begani kama mama anavyomtengeneza mwanawe.

"Umesema kweli," akasema. "Sasa wewe utakapoingia kwetu Kaliua, kwenye nyumba ya mawifi saba, siku ya kwanza, huyo mtu atakuwa nani?"

Nikajinyooshea kidole mwenyewe.

"Basi uje unajua," akasema, akapanda behewa.

Nilisimama pale mpaka gari likapotea, sijui nimefukuzwa au nimekubaliwa, nayarudia yale maneno, uje unajua, uje. Nilikuwa katikati ya njia kurudi ndipo lile neno uje likanifikia kichwani, nikaanza kukimbia.

Wazee walikuja, na kofia zao, nikaolewa, na wale mawifi saba walikuwa kama shangazi alivyosema, nyama ikipungua chunguni wananitazama mimi, ila alikuwepo mmoja wa kunililia, na ndiye aliyekuwa amekimbizwa na debe. Ndiyo maana nawaambia nyie wajukuu, kwenye nyumba hii mgeni hapigiwi kura siku ya kwanza, nimeapa. Mkikosa wa kumtoa, nitoeni mimi bibi yenu. Sitakasirika, na mara nyingine mtakuta mmepatia.