Kasiksi ya Wakwe

Shule sikukaa. Herufi nilijifunza kwenye magunia ya kahawa. Lakini uliza mutu yeyote: lori, kamio ya kwanza ya mutu mweusi kwenye njia ya Sake ilikuwa yangu, na Wabelgiji walinipisha nikipiga honi.

Ugonjwa ulianzia vidoleni, ukashuka miguuni. Munganga alisema mishipa inakufa, dawa hana. Hilo nililimeza. Kilichonivunja ni mukojo. Ukiita haungoji, na miguu haikimbii, na vidole vimeshindwa na vifungo vya pantalo. Muke wangu alikuwa ananifungua kama mutoto. Nikajifunza kukaa na kiu.

Siku wakwe walipokuja kuomba binti yetu mukubwa, tangu asubuhi sikugusa maji. Lakini kwetu baba wa binti ndiye anayevuta kwanza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa murija kutoka mutungini. Asipokunywa, amekataa posa. Na muke haingii katikati ya wanaume. Nikagusisha murija midomo tu.

Musemaji wao, muzee mwenye maneno, akacheka. “Papa, unaubusu huo murija? Ao kijana wetu hakufai?”

Wenzake wakaangua kicheko. Nyuma ya pazia nikasikia binti yangu ameshika pumzi.

Nikavuta. Nilivuta mpaka pombe ikashuka mutungini, wakapiga makofi.

Walikuwa wangali wanataja ng’ombe, mukojo ukaita. Nimuite muke wangu anifungue mbele yao? Mimi? Nikaendelea kusimulia kamio yangu, kwa sauti kubwa, huku joto linateremka miguuni mpaka chini.

Musemaji akatazama udongo. Akasimama. “Wanaume, tutoke tunyooshe miguu. Papa amekunywa, neno limekwisha.”

Wakatoka wote. Hakuna aliyegeuka.

Binti yangu akaingia na maji na kitambaa, kabla mama yake hajafika.

“Papa, niwaambie warudi kwao? Nitabaki nikusaidie.”

“Utabaki ufanye nini? Nina muke. Nina kamio.”

Akapiga magoti, akafuta viatu vyangu, viatu vya ngozi vya Bukavu. Nilitaka kumugusa kichwa. Mukono haukupanda.

Aliolewa Rutshuru. Asubuhi ya kuondoka, akiwa amevaa kitambaa chake kipya cha kichwani, aliniletea kikombe cha maji, akasimama kuniangalia.

Nikakinywa chote.