Mkeka Uliokwenda Rangoon

Uweso bin Sadalla wa Pangani ameona bandari nyingi, lakini siku hizi hapendi kuzitaja mbele za watu. Zamani alipenda mno. Akirudi likizo, jioni hukaa kibarazani pake, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akitaja Bombei, Kolombo na Penang kama mtu anayetaja majina ya shemeji zake. Mwaka wa 1953 ndio uliomfunga mdomo. Kilichomfunga hakikuwa bahari wala maradhi, kilikuwa mkeka.

Alikuwa mpishi wa pili katika meli ya mizigo. Habari kwamba safari hii meli itakwenda Rangoon kupakia mchele zilimfikia Bi Semeni kabla Uweso hajafunga sanduku lake. Bi Semeni alikuwa na mtoto mmoja tu, Safari, aliyesoma chuo kimoja na Uweso na kula naye viboko vya mwalimu mmoja. Safari naye alikuwa baharia. Miaka sita nyuma aliteremka Rangoon, akaoa hukohuko, asirudi tena. Mama yake akabaki na barua.

Basi Bi Semeni akaja na mkeka mpya wa ukindu, mpana, wenye mistari myekundu, aliousuka kwa mkono wake.

"Mpelekee mwenzio," alisema. "Na mambo ya ukoo wetu wayajua. Mkeka wa nyumba mpya halalii mwenyewe kwanza. Hulalia mgeni wa kwao, ndipo nyumba iwe na watu. Mwanangu miaka sita hajapata mgeni wa kwao hata mmoja. Lala wewe, Uweso. Usiku mmoja wanitosha."

"Mama, nitalala wiki nzima," Uweso alijibu, na wakati ule alisema kweli.

Walipofika Rangoon mtambo wa meli uliharibika. Wakaambiwa matengenezo yatachukua siku kumi na mbili, kila mtu ajitafutie malazi mjini, kampuni italipa. Safari alikuwa gatini tangu asubuhi, maana mama yake alikuwa amempelekea barua. Alikuwa amekonda, kikoi kimefifia, tope limemkaukia miguuni hadi magotini. Alimkumbatia Uweso akalia machozi mbele ya mabaharia wote, wala hakuona haya. Uweso ndiye aliyeona haya.

Safari akawachukua nyumbani kwake, Uweso na mwenzake wa jikoni, Kristofa, kijana Mkatoliki ambaye wazazi wake walikuwa wakikata mkonge huko Muheza. Nyumba ilikuwa ya mianzi, imesimama juu ya nguzo kando ya kijito kinachoingia mtoni. Maji yalikuwa yamekupwa, na chini ya sakafu palibaki tope na harufu yake. Mke wa Safari aliteremka ngazi akawapokea kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili, karibu na ahsante, akayasema yote.

Uweso hakupanda ngazi. Alitazama zile nguzo, akatazama viatu vyake vipya vya Bombei, akamkabidhi Safari mkeka palepale chini.

"Nahodha katuamuru tulale pamoja mjini," alisema. "Nitakuja kesho, inshallah."

Kristofa aligeuka akamtazama, maana nahodha hakuamuru neno lolote.

Alasiri nzima Uweso alipita njia ya mtoni akichagua nyumba ya kulala, na ungemwona ungedhani anachagua mke. Ya kwanza aliinua godoro akaona kunguni mshononi. Ya pili choo kilikuwa mtaa wa pili, na ngazini kalala mlevi. Ya tatu ilikuwa ya Mhindi mmoja Mwislamu, ghorofani, vitanda vya chuma, chandarua cheupe, roshani inayotazama mto, na juu darini feni. Uweso alipoiona ile feni inazunguka, alijiona tayari yuko kibarazani Pangani, watu wamemzunguka, anawaambia, "Basi mimi nimelala hivi, upepo wanijia wenyewe."

"Hapa," alisema.

Kristofa aliokota mfuko wake. "Mimi nakwenda kwa Safari."

"Wewe? Si ndugu yako, hata dini si moja!"

"Ndiyo. Lakini kanikaribisha."

Kesho yake Uweso hakwenda. Keshokutwa akasema jua kali. Kila adhuhuri Safari alikuja yeye, na sufuria ya wali imefungwa kitambaa, kwa sababu mtu wa Pangani hamwachi mwenziwe kula vyakula vya kununua katika mji anaokaa yeye. Siku ya tatu Uweso alikuwa roshani anakunywa chai na mpishi mkuu, Mgoa mwenye kujipenda, akasikia sauti ya Safari chini ikimwuliza bawabu. Mgoa akachungulia. "Nani yule mwenye matope?"

Uweso alimtazama Safari, na Safari akainua uso. Hapo Uweso akarudi nyuma, akakaa nyuma ya mlango. Bawabu alipopanda, akamwambia, "Sema nimetoka."

Sufuria ikaachwa ngazini. Wali ulikuwa wa nazi, umetiwa hiliki kama wa kwao. Uweso alikula, maana alikuwa na njaa. Ile feni iliendelea kuzunguka juu yake.

Kristofa alimkuta siku ya nne.

"Ule mkeka nimeulalia mimi," alisema. "Alikungoja siku tatu, umekunjwa, umesimama nyuma ya mlango. Jana alirudi kutoka huku. Akaukunjua akanitandikia. Nilimwambia huo si wangu. Akanijibu, nyumba haiwezi kungoja zaidi."

Uweso angeweza kwenda siku ile. Zilibaki nane. Lakini aibu ina ujinga wake: mtu akishakosea siku ya kwanza, ya pili huona haya kutubu, na ya tatu huona haya zaidi. Hakwenda hadi meli ilipong'oa nanga. Safari alikuja kuwaaga gatini, akampa kitambaa cha hariri ampelekee mama.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uweso alirudi Pangani, akazunguka mitaa siku mbili akiukwepa mlango mmoja, mwishowe akabisha hodi. Bi Semeni alikuwa ukumbini anamalizia kushona mkeka mwingine. Alipokea hariri, akaibusu, akaiweka mapajani. Halafu akatoa barua chini ya mto.

"Imekutangulia. Mwalimu kanisomea, lakini nataka kuisikia kwa sauti yako."

Uweso akasoma. Mkono wa Safari aliujua tangu chuoni. "Mama, Uweso alifikia kwangu. Wallahi alilala juu ya mkeka wako siku zote kumi na mbili, na wallahi alikula kwangu akashiba. Mshukuru sana, kanitoa upweke."

Alipomaliza akaikunja barua, akamrudishia.

"Ulilala upande gani?" Bi Semeni aliuliza taratibu.

"Karibu na mlango, mama. Mto unasikika." Hayo aliyapata kwa Kristofa.

Bi Semeni aliweka sindano chini. "Mwanangu nimemzaa mimi. Akisema kweli husema tu. Akidanganya ndipo huapa, tangu yuko hivi," akaonyesha kwa kiganja. "Na humu kaapa mara mbili. Nimesuka mkeka huu nikijiambia, pengine mara hii kaapa kweli."

Uweso aliinama. Machozi yalimdondoka kwenye kanzu yake ya pasi. "Sikulala, mama. Hata ngazi sikupanda. Aliyelala ni Kristofa, Mkristo, mtoto wa wakata mkonge wa Muheza."

"Na mwanangu alijua umekataa?"

"Aliniona, mama. Nikajificha."

Bi Semeni akaokota sindano, akatia mishono mitatu ya mwisho, akakata uzi kwa meno. Aliukunja mkeka, akaufunga kwa kamba, akamwekea miguuni.

"Huu nilikusukia wewe, shukrani yangu. Sasa mpelekee mwenye haki yake. Mwambie akija Pangani ana nyumba, ni hii."

"Nitaondoka kesho na lori la kwanza. Naye yuko likizo kwa wazazi wake." Kisha akauliza, "Mama, na huko Muheza mimi nitafikia wapi?"

"Waniuliza mimi?" alisema Bi Semeni. "Wewe ndiye mjuzi wa kuchagua."

Uweso aliuinua mkeka begani akatoka. Nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka pale, lakini siku ile alipita njia ya nyuma.